Karura, Ngong au Tigoni: baiskeli ya milimani nianzie wapi?

Mnyororo_Mkavu (Kawangware)
Habari zenu wadau. Mwezi uliopita nilinunua baiskeli ya mtumba, ya milimani: ringi inchi 26, gia 21, breki za mipira, si za diski. Shoki za mbele zinafanya kazi ingawa zinalia kama mlango wa choo cha ploti. Fundi amenibadilishia mnyororo na kebo. Mpaka sasa nimeendesha mtaani tu, kazi yangu kukwepa boda na mashimo. Sasa nataka msitu na vilima, Jumamosi asubuhi, na saa saba mchana niwe nyumbani maana nina zamu jioni. Sehemu ninazozisikia hapa Nairobi na pembeni yake ni nne: msitu wa Karura, msitu wa Ngong Road, Milima ya Ngong yenyewe, na mashamba ya chai ya Tigoni. Gari sina. Mpwa wangu wa miaka 13 anataka kuja na baiskeli yake, na mamake ameshaniambia nikimrudisha na mkwaruzo hata mmoja nitamtambua. Nisaidieni.

MamaWawili_Ruaka
Kaka, anza Karura. Mimi huenda na wanangu wawili kila nikipata nafasi. Msitu una zaidi ya hekta 1,000, umezungushiwa ua, na doria ipo. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye namba, kwa hiyo mpwa akikupotea atakupigia akwambie niko namba fulani, basi. Njia nyingi ni pana, za udongo mwekundu. Zinashuka hadi mtoni kisha zinapanda tena, hakuna mlima wa kukutoa roho.

Ila soma mabango. Kuna njia za waendao kwa miguu pekee, hasa zile nyembamba za mtoni karibu na maporomoko. Mwaka jana kijana wangu mkubwa alijifanya haoni bango, akakutana na askari wa msitu, akasukuma baiskeli kurudi mwanzo wa njia huku wamama wa matembezi wakimcheka. Na uwe na pesa kwenye simu, noti hazitakusaidia langoni.

Pancha_Tatu
Karura sawa, lakini Jumamosi saa tatu pale ni kama Tom Mboya Street yenye miti. Mbwa, vigari vya watoto, wakimbiaji wameziba masikio kwa muziki. Ukishika kasi kidogo tu unapiga kengele mpaka kidole kinauma.

Ukitaka kujua kwa nini ulinunua baiskeli, panda Milima ya Ngong. Ukiingia kwa lango la upande wa mji wa Ngong unapita kwanza ile mitambo ya upepo, halafu unaufuata mgongo wa mlima, kilima baada ya kilima, kuelekea Kona Baridi. Kulia kwako Bonde la Ufa limefunguka lote, kushoto Nairobi imejaa moshi wake. Kilele ni mita 2,460. Kuna mahali utashuka usukume, na hakuna aibu, sisi sote tunasukuma.

Fundi_wa_Dago
Pancha, usimuulie mtu mpwa. Umesoma aliposema breki za mipira?

Nisikilize, Mnyororo. Nilipanda Ngong asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, na mipira mipya niliyoifunga mwenyewe jana yake. Tope la kule lina chembe za mawe. Linashika kwenye ringi, ukifinya breki unasikia sauti ya msasa: hiyo ni mipira yako inasagwa. Kilima cha kwanza kushuka, sawa. Cha pili nikaona mkono wa breki unakaribia usukani. Cha tatu ukagusa usukani kabisa na baiskeli bado inakwenda. Nilisimama kwa kiatu. Soli ya mguu wa kushoto ilibaki mlimani, na mimi fundi wa miaka kumi na tano.

Breki za mipira si mbaya, palipo pakavu zinatosha. Lakini mteremko mrefu, maji na mchanga ni maadui zake. Kwa hiyo Ngong ngoja kiangazi, na ubebe mipira ya akiba mfukoni pamoja na ile spana ndogo. Karura miteremko ni mifupi, mipira inapata kupumua.

Jambo la pili, upepo wa tairi. Wengi wenu mnajaza mpaka tairi linakuwa jiwe, mnadhani ndiyo kasi. Msituni tairi gumu linaruka kwenye mizizi na halishiki kona. Mtu wa uzito wa kawaida mwenye tiubu, psi 30 hadi 35. Ukishuka chini ya hapo sana, tiubu itabanwa kati ya ringi na jiwe, upate tundu mbili sambamba kama umeng'atwa na nyoka.

Pancha_Tatu
Nimekubali, fundi. Na niongeze: vilele vya mbali msiende wawili peke yenu. Chukueni askari langoni, kumewahi kuwa na wizi huko.

Mzee_wa_Jamhuri
Vijana, mbona msitu wa Ngong Road mnauruka? Ndio ulio karibu zaidi na Kawangware. Unatoka Naivasha Road, unaingia Ngong Road, unaambaa na ile njia ya baiskeli ambayo wachuuzi na boda walishairithi, unafika Racecourse. Ndani kuna miti ya kiasili na vijia vya upana wa usukani tu, vinapinda kati ya mizizi. Kwa utamu wa kuendesha, mimi naupa namba moja, juu ya Karura.

Lakini sitawadanganya. Southern Bypass imeukata, na zipo pande ambazo mtu anaingia asikotarajiwa. Mimi na mwenzangu tulisimamishwa huko na vijana watatu, tukatoa simu, tukaachiwa baiskeli kwa kuwa zilikuwa na tope. Tangu siku hiyo naingia na kundi la watu sita au zaidi, na tunakaa upande wenye walinzi. Mwalimu na mwanafunzi peke yao, hapana.

Hata Karura mnayoisifu haikuwa hivyo. Miaka ya tisini kuingia mle ulikuwa ujasiri, tena ardhi yenyewe ilikuwa inagawiwa watu. Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa akitaka kupanda miche tu. Mkizunguka kwenye hizo nguzo zenu za namba mkumbuke.

Chai_Bila_Sukari (Limuru)
Tigoni ni kwetu, niiseme kwa haki. Kwa vilima vya kupanda na kushuka hakuna kama hapa: chai kijani pande zote, barabara za udongo katikati, baridi ya kukuamsha. Chai ya kwanza nchini ilipandwa Limuru 1903. Barabara za ndani ni za mashamba ya watu, kwa hiyo msalimie mlinzi, uombe, na ukiwakuta wachumaji wako kazini shuka. Hatujawahi kukatazwa tukiomba vizuri.

Shida yako ni kufika. Kutoka Kawangware ni kupanda tu, mtoto atafika amechoka kabla raha haijaanza, na kurudi ni lami pamoja na malori. Ukipanda matatu, makanga atahesabu baiskeli kuwa abiria, zikiwa mbili mmekuwa wanne. Saa saba hutakuwa nyumbani.

Mnyororo_Mkavu
Asanteni. Basi Jumamosi ni Karura. MamaWawili, kutoka huku nipite wapi na mtoto?

MamaWawili_Ruaka
Tokeni saa kumi na mbili kamili, kabla matatu hazijachangamka. Lavington, James Gichuru, Westlands, halafu Limuru Road. Pale Westlands msishindane na mtu, shukeni mvuke kwa miguu. Mkifika mapema hivyo mtazunguka saa mbili nzima kabla ya wale wa vigari vya watoto.

Mnyororo_Mkavu
Tumerudi, saa sita na nusu. Pancha, ulisema kweli kuhusu mbwa, lakini mpaka saa mbili msitu ulikuwa wetu. Kuna mteremko mmoja kuelekea mtoni, umefunikwa majani makavu, tairi la nyuma likateleza kidogo, nikakumbuka psi za fundi nikashukuru. Kupanda ng'ambo, mpwa alinipita akiwa amekaa kwenye kiti, mimi nimesimama kwenye pedali natafuta gia. Kijana hana mkwaruzo. Mimi ninao, wa goti, nilipokuwa nampiga picha.

Fundi, ringi ya nyuma imeanza kugusa mpira upande mmoja, inatoa mlio kila mzunguko. Na kuna tope kila mahali. Niipeleke kwanza pale wanapoosha magari?

Fundi_wa_Dago
Usithubutu. Yale maji ya presha yanaingia kwenye beringi, yanatoa grisi yote, mwezi ujao utanunua ekseli. Ndoo, kitambaa, na mswaki wa zamani kwa mnyororo. Ringi imepinda, spoku mbili tatu zimelegea. Njoo Jumatatu baada ya saa nne, uje na ya mpwa pia niitazame.