Hita ya gesi ya saiti kutoka Kanada: naifungaje hapa Kabale bila kuleta msiba?

Fundi_Kigezi

Wakuu, habari za jioni. Nasimamia saiti hapa Kabale, Uganda, gesti ya ghorofa moja iliyokaa kwenye mteremko. Plasta ya ndani tulimaliza, mvua za Septemba zikatukuta, na mpaka leo kuta za upande wa mlimani ukizigusa mkono unarudi na unyevu. Vyumba viwili tulivipaka rangi kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na haraka. Rangi imetoa malengelenge, ukiyaminya yanatoa maji.

Sasa mzee mwenye jengo anaishi Kanada. Kule kipindi cha baridi mafundi hupasha saiti joto kwa hita za gesi, basi akatupia moja kwenye kontena lake la mizigo. Ni bomba nene la bati, feni nyuma, mpini juu. Kibandiko cha ubavuni kinasema 125,000 BTU (kipimo cha joto) kwa saa, volti 115, hezi 60, propani tu. Mpira wake umekuja na regyuleta, lakini mwishoni kuna nati kubwa nyeusi ya plastiki isiyoingia kwenye mtungi wowote niliojaribu hapa mjini.

Jamaa wa duka la gesi anasema nikate ule mpira, nichomeke regyuleta ya jikoni, nifunge kwa klipu, kazi iishe. Nimesita. Pia nataka kujua mtungi wa kilo 6 utanipa saa ngapi, na kama walinzi wanaweza kubaki nayo usiku, maana wameshaanza kuniomba. Baridi ya usiku huku mnaijua.

Wa "nunua ya umeme" mnisamehe mapema.

Mtoto_wa_Bunagana

Gesti inapashwa moto kabla hata mgeni wa kwanza hajalala? Mkimaliza mtuletee na sisi Kisoro, tunatetemeka.

GesiNaJiko

Fundi, umefanya vizuri kusita. Usikate huo mpira. Mimi kazi yangu ni kufunga gesi kwenye majiko ya hoteli Kampala, na hiki ndicho kinachonitia hofu kwenye ushauri wa huyo jamaa.

Regyuleta ya jiko la nyumbani inatoa presha ndogo sana, milibaa 30 hivi. Hita za aina yako nyingi zinataka presha kubwa zaidi ya hapo, kwa mfano milibaa 700, na regyuleta iliyokuja nayo ndiyo iliyopimwa kwa ajili ya kichomeo chake cha ndani. Ukiweka ya jikoni, moto utakuwa dhaifu na utazimika ovyo. Hapo ndipo fundi anapokasirika, anatoa regyuleta kabisa na kuunga mpira moja kwa moja kwenye mtungi. Hilo sasa ni bomu. Na klipu ya bisibisi kwenye mpira wa presha kubwa huachia taratibu kadiri mpira unavyopata joto na kupoa. Ncha za mpira huo zinatakiwa kubanwa kiwandani.

Kama ni lazima, nenda kwa msambazaji wa gesi mwenye fundi wake, umpe modeli ya hita na presha iliyoandikwa kwenye kibandiko. Akufungie seti nzima, yaani regyuleta na mpira vinavyolingana na valvu ya mtungi wake. Vichwa vya kuungia vya barabarani achana navyo.

Kuhusu saa: hita hiyo ikiwaka kwa nguvu zote inakula kilo 2.6 hivi za gesi kwa saa. Kwa hesabu ya karatasi, mtungi wa kilo 6 ni saa mbili na kitu. Kwa hali halisi hufiki. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na ili igeuke hewa inahitaji kuvuta joto kutoka kwenye bati la mtungi. Mtungi mdogo ukinyonywa kwa kasi hiyo unapoa, unatoa jasho, unaganda barafu kwa nje, na moto unaanza kufifia wakati gesi bado imo. Tena gesi yetu ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani inachemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani inaacha karibu na sifuri. Kwa usiku wa Kabale, ile butani itabaki imelala chini ya mtungi.

Nakuomba kitu kimoja: mtungi ukiganda, mtu asije akausogeza mbele ya hita ili upate joto. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Fundi_Kigezi

Asante sana mkuu. Upande wa umeme nilifikiria transfoma ya kushusha 240 kuwa 115. Ipo moja kwa rafiki yangu.

GesiNaJiko

Transfoma inashusha volti, hezi, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde, haizigusi. Umeme wetu ni hezi 50. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole, inapungua kama sehemu moja ya sita. Kwenye feni ya kawaida ungeipuuza. Kwenye hita hii, feni hiyohiyo ndiyo inayolisha moto hewa. Hewa ikipungua na gesi ikabaki ileile, moto haukamiliki, na unaanza kutoa monoksidi ya kaboni.

Halafu uko juu. Kabale ni karibu mita 2,000, na hewa ya huko ina uzito wa asilimia 80 hivi ya ile ya usawa wa bahari. Zidisha hayo mawili uone hewa iliyobaki: kama theluthi mbili tu ya ile aliyoipanga mtengenezaji. Sote hapa tumekodolea macho nati, kumbe shida kubwa ya mashine hiyo hapo ulipo ni pumzi. Tafuta kitabu chake, angalia mwisho wa mwinuko unaoruhusiwa. Kama hakiruhusu, nati hata ikiingia, usiiwashe.

Mama_Vifaranga_FP

Mimi niko Fort Portal, nalea vifaranga kwa hita za gesi. Mnamtisha kijana bure. Mimi nafunga madirisha kwa turubai joto lisitoroke, na moto wangu ni wa buluu safi. Moto wa buluu hauna sumu.

GesiNaJiko

Mama, hita yako ya vifaranga ni ndogo na inaning'inia, hailingani na hii. Hata hivyo nakusihi uache matundu juu na chini ya banda. Moto wa njano ni dalili kwamba mambo yameharibika, hapo tuko pamoja. Ila wa buluu si cheti. Chumba kikifungwa, moto uleule wa buluu unamaliza oksijeni ya ndani na baadaye unaanza kuchafuka huku wewe umeshalala.

Sista_Rugarama

Niongeze la hospitali, maana huku kwetu sigiri ndani ya chumba kilichofungwa ni habari za kila msimu wa baridi. Hiyo monoksidi ya kaboni haina harufu. Ile harufu mnayoisikia mtungi ukivuja ni dawa iliyochanganywa makusudi, haihusiani na sumu ya moto. Mtu anaanza na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea. Anasema ni malaria, anameza dawa, anarudi kulala palepale.

Mkiumwa kichwa watu wawili watatu kwa pamoja ndani ya jengo moja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo si malaria. Toeni kila mtu nje, mkimbizeni hospitali yenye oksijeni, na mseme wazi kwamba kulikuwa na moto ndani. Kale kamashine ka kubana kidole ka kupima oksijeni kanaweza kusoma 98 wakati mtu anakufa, kwa sababu hakatofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu. Usiposema, daktari anaweza kukurudisha nyumbani.

Kwa hiyo walinzi: hapana. Wapeni makoti mazito na chai.

Injinia_Mbarara

Nimesoma yote, nashangaa hakuna aliyeuliza kama hita itakausha huo ukuta. Haitaukausha.

Gesi hii ikiungua inazaa maji. Kila kilo ya propani inatoa kilo 1.6 hivi ya mvuke, na hita yako haina bomba la kutolea moshi nje, kila kitu kinabaki chumbani. Kwa kilo 2.6 kwa saa unamwaga zaidi ya lita 4 za maji hewani kila saa. Mvuke huo unatafuta mahali penye baridi zaidi, nao ni ule ukuta wa mlimani unaotaka kuukausha. Ndiyo maana kule Kanada wanaowasha hizi hita wanaacha uwazi hewa ipite, na penye kazi ya kukausha hasa hutumia zenye bomba la kutoa moshi. Ukifungua madirisha kama usalama unavyotaka, sehemu kubwa ya kazi itafanywa na upepo, na upepo haulipiwi.

Pili, plasta ya saruji haitakiwi kukaushwa kwa moto. Siku za mwanzo unaimwagilia, inakomaa kwa maji. Ikipigwa joto mapema inapasuka na kutoa vumbi. Kwa kawaida tunasubiri wiki nne kabla ya rangi, na kwa baridi ya Kigezi, ukanda wenu huo wa Kabale, zaidi ya hapo.

Tatu, swali langu: kwa nini ni kuta za mlimani peke yake? Nyuma ya ukuta huo kuna nini? Mfereji upo? Udongo umeegemea ukuta? Gata iko wapi?

Fundi_Kigezi

Injinia umenigusa pabaya. Nimepanda nyuma asubuhi na tochi. Udongo wa mteremko umelalia ukuta mpaka usawa wa dirisha, waliochimba msingi kabla yangu hawakuweka mfereji. Gata ya nyuma imekatika kwenye kiungo, maji yote ya mabati yanashuka pale pale. Nimewaweka vijana wachimbe kuanzia leo.

Mzee nimempigia. Kasema sawa kwa mfereji, lakini hita "imetoka mbali, isikae bure". Anataka iwashwe walau mchana kwenye ukumbi wa chini ambao bado hauna madirisha. Nina jenereta ya kukodi inayoweza kutoa hezi 60 na volti 115. Kitabu nimekipata kwenye mtandao, mwinuko wetu unaruhusiwa. Nipe utaratibu, GesiNaJiko, maana nikikataa ataagiza mtu mwingine aiwashe.

GesiNaJiko

Sawa. Bora iwashwe na wewe.

Ukumbi wa chini, hakikisha hakuna shimo, bwawa la maji machafu au chumba cha chini ya ardhi karibu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja inatambaa sakafuni kama maji na kujaza shimo, ikisubiri cheche. Jenereta ikae nje, nayo inatoa sumu ileile.

Tumia mtungi mkubwa, wa kilo 45 kama unapata, usimame wima na ufungwe usianguke. Ukilala, kimiminika kinaingia kwenye mpira na moto unaruka mita. Sheria za usalama kazini za Marekani zinataka mtungi uwe angalau mita 1.8 kutoka kwenye hita, na hita ya feni isielekezwe kwenye mtungi wowote ulio ndani ya mita 6. Tumia vipimo hivyo. Mbele ya mdomo ondoa mbao, turubai, mifuko ya saruji, makopo ya tina.

Kabla ya kuwasha, funga viungo, fungua mtungi kidogo, paka povu zito la sabuni kila kiungo na kwenye mpira wote. Povu likivimba, funga, kaza, rudia. Kiberiti hakitumiki kupima. Halafu fungua mtungi polepole, washa feni kwanza, bonyeza kitufe cha gesi, washa cheche, shikilia kitufe kama nusu dakika. Kuna kisindano kinachopata joto la moto ndicho kinachoshikilia valvu ibaki wazi. Ukiachia na moto ukazimika, subiri dakika tano gesi itawanyike kabla ya kujaribu tena. Kisindano kikisumbua, mafundi wetu hufunga kitufe kwa waya ili kibaki kimebonyezwa. Ukimkuta mtu amefanya hivyo, mtoe saitini. Jenereta ikizimika na feni ikasimama, gesi inatakiwa ijikate yenyewe. Jaribu hilo siku ya kwanza ukiwa umesimama kwenye valvu ya mtungi.

Kuzima: funga mtungi kwanza, acha moto umalize gesi ya kwenye mpira, feni iendelee mpaka bati lipoe.

Mtu mmoja abaki nayo muda wote, mwenye kizima moto cha unga. Akitoka kwenda kula, inazimwa.

Fundi_Kigezi

Nimeelewa, nimeyaandika kwenye daftari la saiti. La mwisho: mitungi usiku ilale wapi? Stoo ina kufuli.

GesiNaJiko

Si stoo. Nje, chini ya kivuli, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli, hewa ipite pande zote, mbali na mfereji huo mpya unaouchimba. Mitungi mitupu pia, valvu zikiwa zimefungwa, maana mtungi "mtupu" haujaisha kabisa. Mkisikia harufu usiku mlinzi asiwashe tochi, sigara wala swichi. Asogee mbali kwanza, ndipo apige 999.

Mama_Vifaranga_FP

Nimetoboa turubai juu na chini. Vifaranga bado wana joto.