MJADALA: Picha, umri na hali ya ndoa vinatafuta nini kwenye CV?

Ushauri wa kuandika CV tumeusikia sana: iwe fupi, iwe safi, isiwe na makosa ya tahajia. Hapo hatubishani. Tunagawanyika pale juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, penye picha, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Wapo wanaosema hizo ni taarifa za kawaida, kwamba mwajiri ana haki ya kumjua anayekwenda kumlipa mshahara, na anayezificha ana lake jambo. Mimi nasema ziondoke zote. Na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeshiriki kuchambua maombi ya kazi.

Chukua CV ya mtunza stoo, ya aina tunayoipokea kila nafasi inapotangazwa. Nusu ya ukurasa wa kwanza imeshikwa na picha na jedwali la "taarifa binafsi". Inafuata aya ya malengo: "mchapakazi, mwenye uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa", maneno yaleyale yaliyo kwenye CV ya jirani yake. Ukageuza ukurasa wa pili, huko chini kabisa, ndipo unakuta mstari mmoja: "Nilihamisha kumbukumbu za stoo kutoka kwenye leja kwenda kwenye kompyuta." Huyu kaanza na ndoa, kamalizia na kazi! Ule mstari ndio ulipaswa kuwa juu, tena ukiwa na nyama: stoo ilikuwa na bidhaa za aina ngapi, kuhesabu mali kulichukua siku ngapi kabla na ngapi baada, wenzake wangapi aliwafundisha mfumo mpya. Anayechambua maombi akiwa na rundo zima mbele yake mara nyingi hafiki ukurasa wa pili.

Lakini hoja ya nafasi ni ndogo. Kubwa ni upendeleo, na hapa kuna ushahidi.

Watafiti wawili walituma CV zaidi ya 5,000 kwa waajiri nchini Israeli, matokeo yakachapishwa 2015. Kila mwajiri alipata CV mbili zinazokaribiana kwa sifa, moja ina picha, nyingine haina. Wanaume wenye sura ya kuvutia waliitwa zaidi. Kwa wanawake mambo yaligeuka: walioitwa zaidi ni wale ambao hawakuweka picha kabisa, na warembo waliitwa kidogo kuliko wote. Kwa hiyo wanaomshauri dada aweke "picha nzuri" ili akumbukwe, wanategemea nini?

Utafiti mwingine, wa Marekani, uliochapishwa 2004, ulihusu majina. CV za kubuni karibu 5,000 zilitumwa Boston na Chicago. Zenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu zilihitaji kutumwa kama 10 ili mtu apigiwe simu mara moja. Zenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani weusi, kama 15. Kilichoniumiza zaidi ni hiki: CV ilipoboreshwa, ikawekewa uzoefu na ujuzi zaidi, wenye majina ya Kizungu walinufaika sana, wenzao walinufaika kidogo tu. Wale wanaosema "wewe andika CV nzuri, mengine yatajipa" wakae na jambo hilo kwanza.

Sasa hoja za upande wa pili, maana baadhi zina uzito.

Wanasema: si mtaonana kwenye usaili? Ndiyo, lakini kwenye usaili nina kiti. Naulizwa, najibu, na mwenye wasiwasi kuhusu umri wangu ananisikia nikieleza kazi ninayoijua. Kwenye karatasi hakuna anayeniuliza. Mtu anaona "ameolewa, watoto wadogo wawili", anajiamulia kimyakimya kwamba huyu ataomba ruhusa kila wiki, faili linawekwa pembeni, na hakuna atakayejua kwa nini.

Wanasema: tangazo lenyewe linadai. Hapo sina ubishi na mwombaji. Tangazo likidai kitu, kipeleke, kwa sababu kuondolewa kwa kukosa kiambatisho ni hasara yako. Kipeleke kwenye karatasi ya peke yake, kisikae kichwani mwa CV. Na kama kazi ina sharti halisi, taja sharti lenyewe: dereva aandike daraja la leseni, anayeomba kazi yenye umri wa chini kisheria aandike kwamba ameutimiza. Namba ya kitambulisho isikae humo hata kidogo, kwani hujui CV yako itafika mikononi mwa nani. (Na tafadhali, wadhamini muwaombe kabla ya kuandika namba zao. Wengi wanashtukizwa na simu.)

Hoja nzito kuliko zote inatoka Ufaransa. Mwaka 2006 walipitisha sheria ya kutaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zichambue CV zisizo na majina. Kabla haijaanza kutekelezwa, wakafanya jaribio, na majibu yakaja kinyume na matarajio: waombaji wenye asili ya wahamiaji na wanaoishi vitongoji maskini waliitwa kidogo zaidi majina yalipofichwa. Mwaka 2015 ulazima ukaondolewa. Wapinzani wangu hulitaja jaribio hilo kama limefunga mjadala. Mimi naona limefundisha jambo mahususi. Kampuni zilizoshiriki zilijitolea zenyewe, na waliolifanyia tathmini walionyesha kwamba tangu awali zilikuwa na moyo wa kuwapa nafasi watu hao. Zilipoacha kuona jina na anwani, zikaacha pia kuelewa kwa nini CV ina pengo la mwaka mzima. Hilo ni onyo kwamba kuficha jina peke yake hakutoshi. Halisemi lolote la kutetea dini na idadi ya watoto.

Tutenganishe basi nani anaweza nini. Picha, umri, dini na ndoa mwombaji anaweza kuviondoa leo. Jina hawezi. Jina linafichwa na mwajiri tu: afisa utumishi mmoja anapokea maombi, anayapa namba, wachambuzi wanasoma namba huku wakiwa na orodha ya vigezo vilivyokubaliwa kabla ya bahasha kufunguliwa. Bila hivyo vigezo, hata namba hazisaidii. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inataka tu mkuu wa idara akubali kwamba macho yake nayo yana upendeleo, na ugumu uko hapo.

Ninayetamani achangie zaidi ni mwajiri ambaye bado anadai picha na hali ya ndoa kwenye maombi. Utuambie: katika watu uliowaajiri, taarifa hizo zilikusaidia kuamua nini ambacho kazi walizofanya hazikukuonyesha?