Ushauri: kitufe cha VDC OFF kwenye mchanga wa Msimbati, nizime au niache?

NjiapandaTandahimba:
Wakuu, salaam. Gari ni X-Trail T31, injini ya 2.0, giaboksi CVT (otomatiki ya mkanda, isiyo na gia za hatua), ile yenye swichi ya kuzungusha 2WD, AUTO na LOCK (tairi zote nne zinasukuma). Tairi ni 215/65 R16 za lami, hali nzuri. Nina wageni wa kupeleka ufukweni Mtwara, Msimbati mpaka Ruvula, halafu mwezi wa kwanza nina safari ya Liwale kupitia Nangurukuru, na mvua za huko mnazijua. Kwenye mchanga nikikanyaga mafuta mlio haupandi, taa yenye picha ya gari linaloteleza inapepesa, kisha gari linazama taratibu. Mmoja ananiambia zima VDC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), mwingine ananiambia ukizima utapinduka. Lini nizime, lini nisiguse?

GiaYaPili:
Mkuu, taa ikipepesa ujue mfumo unafanya kazi. Kompyuta haina macho ya kuona mchanga. Inachojua ni kwamba tairi zinazunguka haraka kuliko gari linavyosogea, basi inahesabu kuwa ni utelezi: inapunguza nguvu ya injini na kupiga breki kwenye tairi linalozunguka ovyo. Kwenye lami yenye maji hiyo ni rehema. Mchangani ndiyo inakuzamisha, maana mchanga unataka mwendo usiokatika, na tairi lazima lisage kidogo, yaani lizunguke bila kushika.

Kwa hiyo Msimbati zima, ila zima kabla ya kuingia, gari limesimama pagumu. Utaratibu ni huu: punguza upepo mpaka PSI 18, tairi zote nne. Weka LOCK. Bonyeza VDC OFF, uone taa yake imewaka bila kupepesa. Kama giaboksi yako ina manyuo (kubadili gia mwenyewe), weka ya 1 au ya 2, ili CVT isihangaike kubadilisha. Ondoka polepole, shika mafuta sawasawa, fuata michirizi ya waliotangulia. Ukitaka kusimama usikanyage breki, achia mafuta gari lisimame lenyewe, ikiwezekana pua ikiangalia mteremko. Breki inasukuma kilima cha mchanga mbele ya tairi, na hicho kilima ndicho utakachoshindwa kukipanda wakati wa kuondoka.

BandaLaKorosho:
Mnamzungusha bure. Chomoa fyuzi ya ABS (inayozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki), yote yanakufa, umemaliza. Hayo madude yametengenezwa kwa ajili ya theluji ya Wazungu.

FundiUmemeMtwara:
Usimpotoshe mwenzio. Kitufe kikizima VDC, ABS inabaki. Fyuzi ikitoka, ABS imeondoka, na ule ugawaji wa nguvu za breki kati ya mbele na nyuma nao umeondoka. Gari likiwa tupu nyuma, ukikanyaga breki ya ghafla, matako yanakuja mbele. Na habari ya theluji: Australia, nchi ya vumbi na jangwa, imelazimisha mfumo huu kwa magari mapya yote ya abiria tangu 2013.

Mleta uzi, jambo moja la kukagua kabla ya safari. Taa ya VDC OFF ikiwaka bila wewe kubonyeza, na taa ya gari linaloteleza ikakaa tu bila kupepesa, hapo ni ubovu. Piga mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Mara nyingi ni sensa ya mwendo ya tairi mojawapo (waya umekatika, au wiliboringi imechoka), au sensa ya usukani haikusetiwa upya baada ya kufanya alaimenti. Dawa yake haipo kwenye kitufe.

MnaraWaRondo:
Mmeeleza mchanga vizuri, lakini nusu ya swali ni Liwale, na huko jibu linageuka.

Kitufe kimoja kinazima kazi mbili. Ya kwanza inazuia tairi kusaga, ya pili inazuia gari kuserereka upande kwa kupiga breki tairi moja moja. Mchangani unaitaka ya kwanza izimwe, mwendo ni mdogo, ya pili hukosi kitu. Kwenye tope la mteremko, au barabara iliyoinuka katikati kama mgongo wa samaki, ile ya pili ndiyo inayokuzuia usiingie mtaroni. Hapo iache.

Halafu kuna korongo. Tairi moja limening'inia hewani, difu ya kawaida (inayogawa nguvu kati ya tairi za pande mbili) inapeleka mzunguko wote kwenye hilo lisilo na mzigo. Mfumo ukiwa umewashwa unalipiga breki, na nguvu inalazimika kwenda kwa tairi la upande wa pili lililoshika ardhi. Ukizima unaweza kujinyima msaada huo. Tairi likapiga feni na wewe usitoke. Watu wengi wanabonyeza OFF hapa kwa mazoea ya mchangani, kisha wanalaumu gari.

Tope zito la tambarare, lile linaloziba meno ya tairi: zima, tairi zizunguke zijisafishe na zitafute pagumu chini. Ukishapita, washa palepale. Na mteremko wa Newala kwenda Masasi, mvua au jua, usiguse kitufe. Barabara ya vumbi ya kilomita 60 kwa saa pia usiguse. Mwanzo wa kuserereka huwa ni mdogo kuliko unavyodhani.

NjiapandaTandahimba:
Nimeelewa, asanteni sana. PSI 18 tairi halitatoka kwenye rimu? Na nikisahau kuwasha VDC?

GiaYaPili:
Kwa 18 halitoki kama hupigi kona kali na hupiti 30 kwa saa. Chini ya 15 usishuke. Beba pampu ya volti 12 ya kubana kwenye betri. Ile ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inachemka kabla ya tairi la tatu. Ukirudi lami jaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kuhusu kusahau, ukizima injini na kuwasha tena, VDC inarudi yenyewe.

MamaKilwaMasoko:
Na sisi wenye Toyota? Nikibonyeza, taa inayowaka ni ya TRC tu.

FundiUmemeMtwara:
Ndivyo ilivyo kwa Toyota nyingi, dada. Kubonyeza mara moja kunazima TRC, yaani ile ya kusaga, na kwa mchanga mara nyingi inatosha. Kuzima na VSC (ile ya kuzuia kuserereka), simamisha gari, shikilia kitufe zaidi ya sekunde 3. Prado ukiingiza gia nzito na kufunga difu ya kati, VSC inajizima yenyewe.

MnaraWaRondo:
Nyongeza kwa X-Trail. Nguvu zikikata mchangani hata VDC ikiwa OFF, CVT imechemka na inajilinda. Taa ya 4WD ikipepesa haraka haraka, joto limezidi kwenye mfumo wa kuendesha magurudumu. Simama, gia kwenye P, acha injini iungurume bila kukanyaga mafuta mpaka taa itulie. Ikipepesa polepole, angalia tairi: za mbele na za nyuma hazilingani.

Ukizama, acha mafuta mara moja. Fukua nyuma ya tairi na chini ya tumbo, maana tumbo likikaa mchangani tairi hazina uzito. Tandika makuti au magunia ya korosho, rudi nyuma kwa michirizi yako mwenyewe. Mtu asisimame nyuma wala mbele ya tairi, gunia linaruka.

PwaniYaMikindani:
Na ulizeni wavuvi maji kabla ya kupita ufukweni. Ingia yakiwa yanakupwa, uwe umerudi kabla hayajaanza kujaa, hasa siku za bamvua. Mchanga mbichi ulio karibu na maji unabeba gari kuliko ule mkavu wa juu, ila ukisimama pale kwa muda tairi zinatitia. Jioni osha chini yote kwa maji yasiyo na chumvi: breki, sensa za tairi, viungio vya waya. Chumvi ikikaa kwenye sensa, taa ya VDC utaiona mwezi unaofuata.