Bia ileile, alama mbili tofauti: mnapimaje mnapoonja?

Mwonjaji wa Jioni

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikionja bia na saida, yaani kile kinywaji cha juisi ya tufaha iliyochachushwa, na kila ninachokionja nakiandika katika daftari: jina, aina, kiwango cha kilevi, sentensi mbili tatu kuhusu harufu na ladha, kisha alama kati ya 0 na 5. Sijasomea fani hii wala sitengenezi chochote. Ni mapenzi tu. Daftari limefika vinywaji 163, na wiki iliyopita nilipoketi kulipitia ukurasa kwa ukurasa nilikuta mambo matatu yaliyonitia mashaka kama kweli ninajua ninachokifanya.

La kwanza ni kwamba zaidi ya nusu ya alama zangu zimerundikana kati ya 3.5 na 4, kiasi kwamba daftari haliwezi kuniambia kipi ni bora kuliko kipi. La pili linauma zaidi: kuna stauti moja, yaani bia nyeusi ya kimea kilichochomwa, niliyoiandika mara mbili bila kukumbuka, miezi saba ikiwa imepita katikati. Mara ya kwanza niliipa 4.5 na kusifu "kahawa nzito na chokoleti chungu isiyokwisha kinywani"; mara ya pili niliipa 3, nikalalamika kwamba ni "nyepesi, kama maji yaliyosuuzia birika la kahawa". Jina lilikuwa lilelile na kiwango cha kilevi kilekile. La tatu, saida zote isipokuwa mbili ziko chini ya 3, na nikiyasoma maelezo yangu naona nimezilaumu kwa kukosa uchungu na kukosa povu, jambo ambalo ni sawa na kumlaumu mbuzi kwa kutobweka.

Siombi orodha ya vinywaji bora. Ningependa kujua mnafuata utaratibu gani hadi alama mliyoitoa leo iwe na maana ileile mtakapoisoma mwakani, na kama bia na saida zinaweza kupimwa kwa kipimo kimoja.

Kimea Kikavu

Ndugu Mwonjaji, usiulaumu ulimi kabla hujaihoji hiyo chupa ya pili. Ilikaa nje ya friji kwa muda gani kabla ya kuimimina, na kabla yake ulikuwa umeonja nini? Maswali hayo mawili huenda yakaeleza pengo lote la alama moja na nusu.

Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo, na harufu haipandi vizuri kinywaji kikiwa baridi sana. Laga nyepesi huistahimili baridi ya nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi kwa sababu inategemea zaidi usafi wake na gesi yake, lakini stauti nzito ikinywewa katika baridi hiyo hubaki na uchungu wa kimea kilichochomwa, huku chokoleti na matunda makavu yakiwa yamejificha. Mimi huiacha mezani hadi ikaribie nyuzi 12 ndipo niinuse. Ukitaka kuhakikisha, mimina nusu ya chupa mara tu inapotoka kwenye friji, uandike unachokipata, kisha subiri dakika ishirini na uandike tena kwenye karatasi nyingine bila kuchungulia ile ya kwanza. Na kila baada ya kumeza, funga mdomo utoe pumzi taratibu kwa pua, kwa maana hapo ndipo kimea na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hujitaja kwa majina.

Mpangilio wa vinywaji nao si jambo dogo. Uchungu wa hopsi hauondoki kwa funda moja la maji. Hujilimbikiza, na bia inayofuata baada ya IPA kali, yaani bia yenye hopsi nyingi, huonekana imepooza hata kama ni nzuri. Anza na nyepesi, uende kwenye nzito, na zile chungu mno ziwe za mwisho. Mililita 75 zinatosha kwa kila kinywaji, na mimi sivuki vinywaji vitano kwa kikao kimoja, kwa kuwa kuanzia cha sita kila kitu huwa kizuri na mwandiko wangu huanza kulala.

Tukija kwenye alama zenyewe, naona namba yako moja imebebeshwa mizigo mingi. BJCP, mpango ulioanzishwa Marekani mwaka 1985 ili kuwapima na kuwathibitisha waamuzi wa mashindano ya bia, huigawa karatasi yake ya alama 50 hivi: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia ya kinywani 5 na maoni ya jumla 10. Itazame hiyo 3 ya mwonekano. Sisi wapenzi tunaweza kukaa dakika nzima tukilistaajabia povu, na nina hakika baadhi ya nusu alama katika daftari lako zilitolewa kabla bia haijagusa mdomo. Si lazima ufuate mgawanyo huohuo, ila ungekuwa umegawa, kurasa zako mbili za stauti zingekuonyesha mahali zilipoachana, na mimi ningebashiri kwamba ni kwenye harufu.

Kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko yote hayo: andika maneno kwanza, namba baadaye. Ukianza na namba, maneno yatakuja kuitetea tu.

Tufaha Chungu

Huyo mbuzi asiyebweka amenichekesha, na nitamwazima siku moja.

Kwa upande wa saida, jibu langu ni kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Bia husimama juu ya mvutano wa utamu wa kimea na uchungu wa hopsi, ilhali saida ina mafiga matatu: sukari iliyobaki, asidi na tanini. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ule ukavu unaoubana ulimi kama vile umetafuna ndizi mbichi. Aliyezoea bia huutafuta uchungu, na akiukosa huandika "tupu", kumbe ukakasi ulikuwa pale pale akapita juu yake bila kuusalimu.

Kituo cha utafiti cha Long Ashton, karibu na Bristol nchini Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1903, kiliacha mgawanyo ambao watengenezaji wanautumia hadi leo. Juisi ya tufaha ikizidi asilimia 0.45 ya asidi, tufaha huhesabiwa kuwa chachu. Ikizidi asilimia 0.2 ya tanini, huhesabiwa kuwa chungu. Kutokana na hayo mawili yanapatikana makundi manne: matamu, machachu, machungu-matamu na machungu-machachu. Dabinett, kwa mfano, ni chungu-tamu, na Kingston Black ni chungu-chachu, ndiyo maana Kingston Black inaweza kutengeneza saida iliyokamilika bila kuchanganywa na tufaha jingine. Saida ya matufaha ya kawaida ya kula, kwa upande wake, huwa na asidi ya kutosha na tanini kidogo, hivyo huwa angavu na yenye kuchangamsha kinywa. Ukiiwekea alama kwa kukosa uzito wa Dabinett utakuwa umerudi kulekule kwa mbuzi.

Jiulize pia kama asidi yake inachoma au imelainika. Asidi kuu ya tufaha ni ya maliki, nayo ni kali. Katika saida nyingi za kienyeji bakteria huigeuza kuwa asidi ya laktiki, iliyo laini zaidi, na kinywaji hupata umbo la mviringo kinywani. Hilo ni badiliko, si kasoro. Povu nalo lisahau kabisa. Saida ya asili ya Asturias, kaskazini mwa Uhispania, haina gesi ya kutajika, na ndiyo sababu mwenye kuimimina huinua chupa juu ya kichwa chake na kuishikilia bilauri chini karibu na paja, ili ule mchirizi mwembamba ugonge ukingo wa bilauri na kukiamsha kinywaji. Humiminwa kidogo tu, kiasi cha kumezwa mara moja, maana uchangamfu huo haudumu.

Kasoro ya kweli ya kujifunza mapema ni ile inayoitwa harufu ya panya. Hutaipata ukinusa bilauri, kwa sababu asidi ya saida huizuia isiruke. Mate yanapoipunguza asidi, baada ya kumeza, ndipo hujitokeza nyuma ya ulimi kama kizimba ambacho hakijafagiliwa, nayo hung'ang'ania. Wapo watu wasioihisi kabisa. Ukionja saida, kwa hiyo, hesabu hadi kumi kabla hujaandika lolote.

Povu la Jana

Nitaongeza dogo tu, kwa kuwa waliotangulia wamesema mengi ya maana.

Angalia tarehe na angalia chupa. Niliwahi kuipa laga moja alama 1.5 na kuandika kwa hasira kwamba inanuka kicheche, kisha mwezi mmoja baadaye nikainywa ya kopo nyumbani kwa rafiki na ilikuwa safi kama maji ya kisima. Chupa yangu ilikuwa ya kioo cheupe na ilishinda siku mbili dirishani. Mwanga huvunja viini vya uchungu wa hopsi na kuzaa kiini cha salfa ambacho pua hukigundua hata kikiwa kidogo mno. Kioo cha kahawia hukinga vizuri, cha kijani kidogo tu, cheupe hakikingi. Bia iliyokaa muda mrefu nayo hunuka karatasi iliyolowa. Katika hali zote mbili uliipima safari ya chupa, hukuipima kazi ya mtengenezaji, na ni vyema daftari liseme hivyo.

Ila nawaonya pia wale wanaokariri orodha ya kasoro. Harufu ya ndizi mbivu na karafuu katika laga ni dalili kwamba chachu ilienda mrama, lakini katika bia ya ngano ya Bavaria ndiyo hasa unayoitafuta, na ikikosekana ndipo ulalamike. Ndiyo maana mimi huandika alama mbili, moja ikiuliza kama kinywaji kimetimiza ahadi ya aina yake, nyingine ikiuliza kama ningependa kukinywa tena. Nina bia kadhaa za 4.5 kwa swali la kwanza na 2 kwa la pili, wala sioni aibu.

Bilauri Tatu

Wakuu, yote haya ni sahihi, lakini mwenzetu hajathibitisha kwamba anaweza kutofautisha vinywaji viwili akiwa hazioni chupa. Njia ya kujua ipo, na ilibuniwa katika kiwanda cha Carlsberg kule Copenhagen katika miaka ya 1940. Mtu mwingine anakumiminia bilauri tatu ukiwa chumba kingine: mbili zina kinywaji kimoja, ya tatu ina kingine. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti, basi. Tumia bilauri zisizoonyesha rangi, joto liwe sawa, na mpangilio ubadilishwe kila mzunguko.

Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu kila mara. Ukifanya mizunguko sita, uwezekano wa kupatia mitano au zaidi kwa bahati ni chini ya 2 kati ya 100. Kupatia minne au zaidi kwa bahati ni kama 10 kati ya 100, kwa hiyo minne isikufanye utembee kifua mbele. Funda dogo linatosha, na ni heri kuigawa mizunguko katika jioni mbili.

Mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba pilsna niipendayo ningeitambua hata usingizini, niliwekewa sambamba na laga nyingine ya kawaida kabisa, nikapata miwili kati ya sita. Mke wangu, aliyekuwa akimimina, aliyaweka matokeo kwenye mlango wa friji, na bado yapo.

Mwonjaji wa Jioni

Nawashukuru nyote. Nimechukua siku kumi kabla ya kurudi kwa sababu nilitaka kuja na kitu mkononi.

Ndugu Kimea Kikavu, ulibashiri vyema. Niligawa stauti ile katika nusu mbili kama ulivyoelekeza, nikatumia mgawanyo wa alama 50. Nusu ya baridi ilipata 5 kati ya 12 kwa harufu na 14 kati ya 20 kwa ladha. Baada ya dakika ishirini na tano harufu ilipanda hadi 9, na ladha ikaongezeka alama moja tu. Nilipolinganisha karatasi hizo mbili nilikuta ile ya baridi ina neno "nyepesi", neno lilelile la daftari, ingawa sikuwa nimelitazama.

Kwa Bilauri Tatu nina habari ya kawaida. Dada yangu alinimiminia stauti hiyo pamoja na nyingine ninayodai kuwa ni duni zaidi, mizunguko mitatu kila jioni, nami nikapata minne kati ya sita. Sitembei kifua mbele. Anasema katika mmoja wa ile miwili niliyokosea, nilieleza kwa kirefu sana kwa nini bilauri ya kati ni ya aina nyingine kabisa.

Jana nilirudia saida moja ambayo mwaka jana niliipa 2 na kuandika "haina kitu". Nimehesabu hadi kumi baada ya kila funda. Ukurasa wa 164 sasa una maneno haya: imekauka sukari, asidi laini, ukakasi wa wastani unaokuja mwishoni, harufu ya ganda la tufaha lililoiva mno, hakuna panya. Nafasi ya namba bado iko wazi. Chupa ya pili ya saida hiyo imo kabatini, gizani, na nitaionja Jumamosi kabla sijaijaza nafasi hiyo.