Kahawa ya barazani na kashata zake: tupeane uzoefu

Finjani Tupu
Asalaam alaykum. Uzi huu ni wa wanaokaanga, kutwanga na kupika wenyewe kahawa ya alasiri, si wa kopo. Tupeane vipimo na sababu: moto kiasi gani, maji kiasi gani, na ikiharibika inaharibikia wapi. Hadithi za "marehemu bibi yangu alikuwa" tuziweke kando leo. Nani wa kuanza na buni, yaani punje mbichi za kahawa?

Mchi wa Mkoani
Wa alaykum salaam. Buni ya kupikia dele, lile birika la shaba la kahawa, kwetu visiwani inavushwa kutoka bara. Ya Kagera kwa wingi ni robusta: nzito, chungu, ina povu. Ya Kilimanjaro ni arabika: nyepesi, yenye harufu na uchachu kwa mbali. Changanya sehemu mbili za Kagera na moja ya Kilimanjaro. Arabika peke yake ikikutana na tangawizi humezwa, huisikii tena.

Chukua nusu kilo, ichambue kwenye ungo. Toa punje nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na vijiwe. Tumia kikaango kizito cha chuma au chungu, na seredani yenye makaa yaliyokwisha kushika, bila moshi. Buni hunyonya harufu ya moshi na haiitoi tena. Moto ukiwa mkali punje inaungua nje na ndani inabaki mbichi, na kahawa yake inakuwa na ladha ya majani na ya mkaa kwa pamoja. Koroga bila kuacha.

Kati ya dakika ya kumi na ya kumi na tano punje zinakuwa za kahawia na kuanza kupasuka kama bisi. Hapo ndipo mtu anapoitwa mlangoni na kahawa inapoharibika, maana toka mlio huo hadi kuungua ni dakika chache tu. Mlio wa pili ni mwembamba, wa harakaharaka, na mafuta yanaanza kung'aa juu ya punje. Epua mlio wa pili unapoanza, usingoje umalizike, kwa sababu punje zinaendelea kuiva kwa joto lake. Mimina kwenye ungo, pepeta nje zipoe na vile viganda vyepesi viruke. Nusu kilo itarudi gramu mia nne na kitu. Kilichopotea zaidi ni maji.

Usitwange siku hiyohiyo. Kahawa iliyotoka motoni ina gesi ndani, nayo ndiyo inayoifanya ifurike jikoni. Ilaze mpaka kesho, kisha utwange ile ya siku hiyo tu.

Dele la Malindi
Naendelea hapo. Maji lita 1, kahawa vijiko vikubwa vitano vya kufuta, tangawizi kipande cha kidole gumba iliyopondwa. Maji yawe matamu. Ya kisima cha pwani yenye chumvichumvi yanaivuruga kahawa hata buni iwe nzuri vipi. Tangawizi ianze na maji baridi ili ukali utoke wote. Yakichemka epua kwanza ndipo utie kahawa kidogo kidogo, maana ukiitia yakiwa yanatokota itapanda na kuzima makaa. Rudisha kwenye moto mdogo kwa dakika kumi, mfuniko wazi. Iliki tano au sita zilizotwangwa zitie mwishoni kabisa. Harufu yake inaruka na mvuke, anayeitia mwanzo anawafukizia majirani.

Epua, nyunyiza kijiko cha maji baridi juu, acha dakika tano mashapo yatue. Usilitikise dele unapomimina. Sukari hapana. Anayetia sukari kwenye finjani, kashata anaila ya nini?

Mgeni wa Chake
Ahsanteni. Mbona wengine kahawa yao inakausha ulimi saa moja tu baada ya kupikwa?

Dele la Malindi
Inatokota juu ya mashapo, yakhe. Ikishatua ihamishie kwenye dele safi bila mashapo, na makaa ya chini yawe mawili matatu yenye majivu juu. Iwe moto, isichemke.

Mbuzi ya Nazi
Kashata za nazi: nazi 2 zilizokomaa, sukari vikombe viwili, maji nusu kikombe, iliki. Zikune, nyeupe tu, ukifika kwenye kifuu acha. Chemsha sukari na maji bila kukoroga mpaka tone lake kwenye maji baridi lifanye kidonge laini, kisha tia nazi na ukoroge mpaka iachane na sufuria. Tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta, ukate ingali vuguvugu. Ikipoa kabisa kisu kinaivunja ovyo.

Sukari ikirudi kuwa chengachenga, umekoroga mapema au imeganda ukingoni mwa sufuria ikaanguka ndani. Matone machache ya ndimu mwanzoni yanazuia. Za njugu zinataka sukari iyeyuke kavu mpaka iwe kahawia, na njugu ziwe zimekaangwa na kumenywa tayari, maana hutapata muda. Masika zote zinanata kwa unyevu wa hewa. Zitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana.

 

Kete na Komwe
Kahawa ikiwa tayari, bao lipangwe sawasawa. La kiswahili lina kete 64. Kila mmoja anaweka 6 kwenye nyumba (lile shimo la mraba), mbili mbili katika mashimo mawili yanayoifuata kuliani, na 22 zinabaki mkononi za kunamua, yaani kuingizwa moja moja kila zamu. Ukiona mbili mbili kila shimo, hilo ni la kujifunzia. Finjani zikae sakafuni, si pembeni mwa bao.

Finjani Tupu
Na kusafisha dele?

Dele la Malindi
Nje ndimu na majivu, ling'ae. Ndani maji ya moto na kitambaa laini tu, usiguse kwa mchanga wala steli waya, utachubua bati lililopakwa ndani. Kahawa isilale humo. Ukiona shaba nyekundu imejitokeza ndani au ukijani, liweke kando mpaka lipakwe bati upya.