Kikundi cha familia: rangi ya sebule ya Bibi

Dada Eliza: Mbukwenyi ndugu zangu. Niko kwa Bibi hapa Kikuyu, Dodoma. Saa sita mchana sebule imewashwa taa! Kabla ya kipaimara cha Neema nataka tuipige rangi. Nyeupe pee, kuta zote. Nani ana neno?

Baba Mdogo: Mbukwa mwanangu. Mimi naunga mkono.

Yona: Shikamoo Baba Mdogo. Dada usinunue kwanza. Rangi haitengenezi mwanga, inaurudisha tu ule ulioingia. Nyeupe pee kwenye chumba chenye giza inageuka kijivu, kona zinaonekana kama zimefukizwa moshi.

Baba Mdogo: Marahaba fundi. Sasa?

Yona: Krimu nyepesi, au nyeupe iliyotiwa njano kidogo sana. Kadi nyingine za rangi zina namba imeandikwa LRV, inaanzia 0 mpaka 100. Namba ikiwa kubwa, rangi inarudisha mwanga mwingi. Kwa sebule ile mimi nisingeshuka chini ya 70.

Shangazi Foibe: Na michango ya kipaimara anakusanya nani?

Dada Eliza: Shangazi tunakuja huko, tumalize rangi kwanza.

Yona: Dada, dirisha la sebule linaangalia wapi vile?

Dada Eliza: Kusini, kwenye kibaraza.

Yona: Ndiyo maana. Mwezi huu wa Juni jua letu linapita upande wa kaskazini, litahamia kusini mpaka huko Oktoba. Na likihamia, kibaraza kinalikinga. Vioo je?

Dada Eliza: Vile vya kahawia vya kuteleza. Halafu wavu wa mbu, halafu nondo, halafu pazia la zambarau.

Naomi: Pazia kaleta Shangazi 😂

Shangazi Foibe: Na lilikuwa la bei, usicheke.

Yona: Mnisamehe naandika ndefu, niko saiti Mtumba tunasubiri gari la mchanga. Hela ya kwanza isiende kwenye rangi. Iende kwenye vioo. Vya kahawia vinakula mwanga kabla haujafika ukutani, hapo hata upake nini unahangaika bure. Tuweke vioo vya wazi, na wavu uoshwe maana vumbi la Dodoma limeshauziba. Pili, dari ya kibaraza ipigwe nyeupe. Mwanga ukigonga uwanja unapanda pale juu, kisha unaingia ndani. Tatu, mashavu ya dirisha, ule unene wa ukuta kulizunguka, nayo nyeupe. Hapo ndipo mwanga unapopitia na watu wengi wanapasahau. Ukimaliza hayo ndiyo uongee habari ya kuta.

Baba Mdogo: Kwani tukipiga ya mafuta ile inayong'aa, kuta zote? Si itarudisha mwanga zaidi?

Yona: Baba Mdogo, kung'aa ni kitu kingine. Ya mafuta inarudisha mwanga upande mmoja. Usiku utaona taa imeng'ang'ania ukutani sehemu moja, kwingine palepale. Isiyong'aa inausambaza chumba kizima. Tena inayong'aa inaonyesha kila bonde la plasta, na plasta ya nyumba ile mnaijua. Dari tupige isiyong'aa kabisa. Kuta tupige silki, ile yenye mng'ao kidogo, siyo kwa ajili ya mwanga, ni ili zifutike kwa kitambaa. Vumbi jekundu na mikono ya wajukuu lazima zifutike.

Dada Eliza: Nimepitisha kiganja ukutani kimetoka na unga mweupe.

Yona: Hiyo chokaa ya zamani. Ukipaka rangi juu yake itabanduka vipande vipande. Ikwanguliwe, isuguliwe msasa, ifutwe, ikauke, ndipo praima, ile rangi ya chini ya kushikisha. Na kule chini karibu na mlango?

Dada Eliza: Kuna kama ukungu mweupe, mgumu.

Yona: Chumvi. Isuguliwe kwa brashi kavu. Maji hapana, itayeyuka na kurudi ndani ya ukuta. Na mtafute unyevu unatoka wapi.

Dada Eliza: Nje hapo hapo kuna pipa la maji la Bibi.

Yona: Umeshapata jibu. Pipa lihame leo.

Naomi: Bibi nimemsomea yote. Anasema tembe lao la Mvumi lilikuwa na giza na joto walikuwa hawalijui. Mwanga mwingi wa nini?

Baba Mdogo: Hapo mama ana hoja.

Yona: Ana hoja kweli. Lakini mwambie dirisha lile linaleta mwanga wa kivuli, joto lake dogo. Lingekuwa la magharibi ningekaa kimya.

Naomi: Anasema sawa, ila krimu hataki. Anataka kijani.

Dada Eliza: Kijani chumbani kwake basi, kule kuna jua la asubuhi.

Naomi: "Mimi nakaa sebuleni." Ndivyo alivyojibu.

Yona: 😂 Basi kijani kikae ukuta mmoja wa pembeni, nyuma ya kiti chake, kiwe chepesi. Ukuta unaotazamana na dirisha ubaki krimu, ule ndio unaopokea mwanga na kuugawa.

Baba Mdogo: Makopo mangapi? Tuchange tukijua.

Yona: Chumba ni mita 4 kwa 5. Lita moja inafika kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja, na tunapiga mikono miwili. Makopo ya lita 4: krimu mawili, kijani moja, nyeupe ya dari moja. Kijani kitakachobaki ndiyo chumbani kwake. Praima na nyeupe ya kibaraza nitapima nikija. Msinunue balbu zile zilizoandikwa 6500K, zenye mwanga wa bluu, krimu itaonekana imepauka. Za 3000K, zenye mwanga wa njano, zinatosha.

Dada Eliza: Na kama rangi ya dukani siyo ile ya kwenye kadi?

Yona: Tununue kopo dogo kwanza, tupake kipande cha boksi, kiegemezwe ukutani. Bibi akitazame asubuhi, mchana na usiku. Akikataa, tumepoteza kopo dogo.

Dada Eliza: Sawa. Hela ya vioo naituma kwa Yona jioni hii. Rangi, kila nyumba ichangie. Baba Mdogo andika majina.

Shangazi Foibe: Mimi niandike kwenye vioo. Na pazia mkilitoa lisitupwe, nitalifuata.