Mlitupatia wenyewe cheti cha ualimu wa msingi, mbona leo mnatuambia tuthibitishe upya kuwa ni walimu?

Wakuu, serikali yetu ya Tanzania sasa inatutaka walimu wa shule za msingi tunaoomba ajira tufanye usaili wa kuandika, kwa hiyo naomba anayejua anijibu swali moja tu. Mtu aliyesoma chuo cha ualimu miaka miwili, akafanya BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni), akakaa kwenye mtihani wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, akafaulu na kupewa cheti cha ualimu wa msingi cha Daraja la IIIA, ni mwalimu au si mwalimu? Kama ni mwalimu, usaili wa kuandika wa kumpima kama anajua ualimu ni wa nini? Na kama si mwalimu, ada ya wazazi wetu mlikuwa mnaipokea ya nini?

Najua watakuja wale wa "waliofeli ndio wanakimbilia ualimu". Acheni. Kuingia chuo kusomea cheti ulitakiwa uwe na Division I mpaka III ya kidato cha nne, na Division III mwisho wake ni pointi 25. Nimesoma na watu waliokuwa na sifa kamili za kwenda kidato cha tano. Nyumbani hakukuwa na uwezo wa kusubiri advance miaka miwili halafu chuo kikuu mitatu, wakachagua ualimu ili waanze kazi mapema wasaidie wadogo zao. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu haumfikii mtu wa cheti, kwa hiyo miaka yote miwili ni mzazi anauza mahindi, anauza mbuzi, anakopa kikoba.

Na chuo chenyewe msikichukulie poa. Unasoma masomo ya kufundishia, unasoma saikolojia ya mtoto, upimaji na tathmini, malezi na ushauri nasaha, halafu unapelekwa shuleni kufundisha kweli. Mimi BTP nilipewa darasa la kwanza, watoto zaidi ya mia na ishirini chumba kimoja, waliokosa dawati wamekaa chini mbele kabisa hadi unaogopa kuwakanyaga ukielekea ubaoni. Usiku unaandika andalio la somo kwa tochi ya simu. Zana unatengeneza mwenyewe: visoda vya kuhesabia, kadi za silabi za kukata kwenye maboksi ya sabuni. Siku ya kukaguliwa mkufunzi anaingia kimya, anakaa nyuma na fomu yake. Anaangalia umeanzaje somo, kama umemwona yule mtoto wa pembeni anayeshika penseli kwa ngumi, kama muda umeugawa vizuri. Kipindi kikiisha anakuita nje anakuuliza kwa nini umewapa ba, be, bi, bo, bu zote kwa mkupuo wakati nusu ya darasa hawajashika hata sauti ya b. Unarudi kesho unafundisha upya, na yeye anarudi kuangalia.

Huo ndio usaili wa mwalimu wa msingi. Ulifanyika ndani ya darasa, mbele ya watoto, na alama zake mnazo. Juu yake kuna mtihani wa taifa uliotungwa na kusahihishwa na baraza lenu wenyewe.

Hadi 2015 ukimaliza chuo ulikuwa unasubiri majina, unapangiwa halmashauri, unabeba begi unaenda. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakafurika darasa la kwanza nchi nzima. Mwaka huohuo ajira zikasimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, baadaye ukaja wa vyeti feki. Sawa, uhakiki ulikuwa na sababu yake, sina ugomvi nao. Kilichoniuma ni kilichofuata. Kuanzia 2017 tukaambiwa sekondari kuna ziada ya walimu wa masomo ya sanaa, wahamishiwe shule za msingi. Yaani mtu aliyesomea kufundisha Historia ya kidato cha tatu anapelekwa kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma na kuandika, na aliyesomea kazi hiyohiyo yupo mtaani na cheti chake anaendesha bodaboda! Siwalaumu wale walimu, wengi wao waliumia sana. Nauliza tu: siku ile sifa za kitaaluma zilikuwa wapi? Mbona hakuna aliyeambiwa afanye mtihani kwanza kuonyesha kwamba anajua kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu?

Huku nyuma tumewahi kuona walimu wa leseni, wale waliopigwa msasa wa mwezi mmoja wakaingia madarasani hadi wananchi wakawaita vodafasta, yaani wa haraka haraka. Kwa hiyo uhaba ukibana sifa zinalegezwa mpaka zinakatika. Sisi tuliotimiza zote ndio tunaongezewa.

Sasa njooni 2024. Ajira za walimu zikahamia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na usaili juu, usaili wenyewe ukafanyika mwanzoni mwa 2025. Nafasi 14,648, waombaji zaidi ya 200,000. Hapo sihitaji kuelezwa, hesabu inaonekana: lazima wapunguzwe. Basi semeni hivyo! Semeni fedha za kuajiri hazitoshi, tunachuja. Msituambie mnatafuta "walimu wenye sifa", kwa sababu wote waliofika mlangoni pale wana cheti cha kusomea ualimu, na wakikikosa hata mfumo wa maombi hauwapokei.

Na mchujo wenyewe unamuumiza nani? Aliyemaliza juzi, madaftari bado yapo mezani, anakumbuka nadharia zote na majina ya wazungu wake. Aliyemaliza miaka minane iliyopita, ambaye muda wote huo anajitolea shule ya kijijini kwa posho ya michango ya wazazi, tena mwezi mwingine haipo, huyo anapitwa kwenye karatasi. Watoto aliowafundisha kusoma wapo sekondari sasa, lakini kazi yote hiyo kwenye karatasi ya kuchagua jibu A mpaka D haina pa kuandikwa.

Rafiki yangu anafundisha shule binafsi. Mwenye shule ameshika vyeti vyake halisi tangu alipoanza kazi, na kwenye usaili vinatakiwa halisi. Alipoenda kuviomba akaulizwa, "Unataka kutukimbia?" Akavipata asubuhi ya siku ya kusafiri, na mshahara wa mwezi ule hakuuona. Nauli ya kwake, gesti ya kwake, kula kwake.

Bado hatujamaliza. Tangu Sera ya Elimu ya 2014 tunaimbiwa kwamba mwalimu wa msingi anatakiwa awe na stashahada. Kuna Sheria ya Bodi ya Kitaaluma ya Walimu ya 2018, ambayo inataka mwalimu asajiliwe na awe na leseni. Mimi siyapingi hayo, mtoto wa darasa la kwanza anastahili mwalimu aliyeiva kuliko wote. Lakini mwenye cheti aliyepo nyumbani atajiendeleza kwa hela ipi? Wenzetu wa zamani wa IIIB na IIIC, madaraja ya chini ya IIIA, walipotakiwa kupanda hadi IIIA walikuwa kazini, mshahara unaingia. Sisi mnatutaka tupande ngazi ambayo ya kwanza hamjaturuhusu kuikanyaga.

Ninachotaka ni hiki. Mwaka wa kumaliza chuo upewe uzito, aliyetangulia atangulie. Miaka ya kujitolea ihesabiwe kwa barua ya Mwalimu Mkuu na Mratibu Elimu Kata, maana wao ndio wanaotuona darasani kila siku. Kama usaili lazima uwepo, tuwekeni mbele ya darasa dakika arobaini na mtoto asiyejua kusoma, mkae nyuma na fomu zenu kama walivyokaa wakufunzi wetu. Na mkisahihisha karatasi, mtu aone alikosa wapi, siyo kuambiwa hakuchaguliwa basi.

Wenye cheti cha IIIA mliomaliza kati ya 2015 na 2020, andikeni hapa chini mwaka wenu na mkoa mnaojitolea sasa. Majina na namba za simu msiweke. Nataka wahusika wakipita waone tuko wangapi tunaowafundishia watoto bure huku wakituuliza kama tunajua kufundisha.